Bata Mzinga wa Mwaka wa Msako

Nilipopata habari kwamba Bwana Hasanali amefariki, nilicheka. Nilikuwa bwenini, siku mbili kabla ya kufunga shule, nimekaa kitanda cha juu nikishona kifungo, na barua ya baba ilikuwa fupi kama kawaida yake: jirani yetu ametangulia, mazishi yamekwisha, ukifika usipitie dukani kwanza, njoo nyumbani uoge twende pamoja. Nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Wenzangu wa kidato cha tano walidhani nimeandikiwa na msichana, wakataka barua isomwe kwa sauti. Sikuwaeleza. Mimi nikishtuka nacheka. Wengine hutetemeka, wengine hukimbilia chooni, mimi meno hutoka nje yenyewe kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko. Ugonjwa huu haujaniletea faida yoyote duniani isipokuwa fimbo, na mwaka niliokuwa na miaka kumi na minne ulikaribia kunifanya nimlishe haramu mtu aliyekilinda kinywa chake kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

Mwaka wenyewe mtaani kwetu Ngamiani wanauita mwaka wa msako. Ukiwasimulia vijana wadogo wa leo, waliozoea kukuta sabuni za rangi tano zimepangwa dirishani, kwamba watu walikuwa wakizika sabuni uani kama wanazika kitovu cha mtoto, wanakwambia punguza chumvi. Lakini tulizika. Sukari ilikuwa ya foleni, mchele wa foleni, na unga ulikuwa ule wa njano ambao baba aliuombea dua ndefu kuliko vyakula vingine, nadhani kwa sababu ulihitaji. Kitu chochote kilichovuka mpaka wa Horohoro bila karatasi kiliweza kukupeleka ndani, na kitu chochote kilichoonekana kingi kuliko haja yako pia kiliweza. Watu waliongea kwa sauti ya chini hata walipokuwa wakiulizana hali. Mwezi wa nne askari wa msako walikuja wakalifungua ghala la Bwana Hasanali, wakakuta katoni za sabuni na madebe ya mafuta, wakamchukua akiwa na kanzu ya nyumbani na kandambili. Alikaa miezi saba. Aliporudi alikuwa amekonda hadi saa yake ya mkononi ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko, na kila Jumamosi asubuhi alitakiwa kwenda kituoni kuweka sahihi. Mkewe, Mama Zehra, alikuwa amekwenda Mombasa kwa binti yao aliyejifungua, na kwa hali ya mpaka ilivyokuwa hakuthubutu kurudi. Basi yule mzee alikuwa anakaa peke yake nyuma ya duka tupu, na ukuta wake wa uani ndio ukuta wetu wa uani, kwa hiyo tulimsikia akikohoa, akipiga kiberiti, akiswali, akikohoa tena.

Mama akasema Krismasi hii Bwana Hasanali atakula mezani kwetu, asile kwa sahani ya kupitishiwa mlangoni. Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa la Kilutheri, alikubali kwa kutikisa kichwa, na ikawa sheria. Wiki hiyohiyo shangazi akaleta bata mzinga kutoka Maramba. Alishuka naye kwenye basi akiwa ndani ya tenga, kichwa nje, na yule ndege alikuwa amemtazama kondakta njia nzima kwa dharau hadi kondakta akasahau nauli ya mzigo. Alikuwa mkubwa, mweusi, ana ile nyama nyekundu inayoning'inia juu ya mdomo, na akitembea alitembea kama mkaguzi wa shule. Nilimpenda kwa siku tatu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nasubiri majibu, sina kazi, na mtu mwenye miaka kumi na minne asiye na kazi ni mtu wa kufungiwa.

Usiku wa kuamkia nini sijui, nadhani Alhamisi, mama na shangazi walikuwa wanachambua mchele huku mimi nikijifanya nasoma. Mama alikuwa amefanya kazi ya jikoni kwa meneja wa shamba la katani alipokuwa msichana, na siri za kumpika bata mzinga alizijua huko. Akawa anamweleza shangazi kwamba watu wengi wanampika akawa mkavu kama mkeka kwa sababu wanamfanyia haraka. Wa kwetu atalala ndani ya maji ya chumvi, kisha atapakwa mtindi na tangawizi, na samli itapitishwa chini ya ngozi, siyo juu. Samli yenyewe lilikuwa kopo moja ambalo Mama Zehra alimwachia kabla ya safari, na lilikuwa limezikwa karibu na bafu. Halafu mama akacheka akasema kule kwa meneja, mpishi alikuwa akimnywesha bata kijiko cha brandi kabla ya kumchinja, ati nyama ilegee. Shangazi akasema labda ndiyo maana wazungu wanalala mchana. Wakacheka wote wawili, wakaendelea na mchele, na mimi nyuma ya kitabu nikabaki na kile kijiko.

Hapa inabidi nieleze jambo moja ambalo mtu wa Tanga halihitaji. Nyumba ya Kikristo mtaani kwetu haichinji yenyewe. Ikija Krismasi au Pasaka, anaitwa jirani Mwislamu, anashika kisu, anaelekea kibla, anasoma anachosoma, na nyama ile ikipikwa sahani zake zinaweza kupita mlango wowote. Hakuna aliyeiandika sheria hii. Ni kwamba ukichinja mwenyewe utakula mwenyewe, na mtu anayekula mwenyewe siku ya sikukuu anaonekana hana watu. Idd zikija, sahani zinarudi. Na nguvu yote ya sahani hizo ni neno la mwenye nyumba: akisema imechinjwa na fulani, hakuna anayeuliza mara ya pili. Kwetu mchinjaji alikuwa Bwana Hasanali tangu sijazaliwa. Mwaka ule alisema atakuja Jumamosi, mkesha wa Krismasi, akitoka kuweka sahihi kituoni.

Jumamosi ile mama alitoka na alfajiri kwenda foleni. Baba alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, shangazi alikwishapanda basi la kurudi. Nikabaki mimi na mkaguzi wa shule. Nusu chupa ya gongo nilikuwa nayo, niliipata kwa mlinzi wa shule kwa kumwandikia barua tatu za uchumba, na nilikuwa nimeificha kwenye paa la banda la kuku bila kujua nitaifanyia nini. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka nyama ilegee, na nilitaka kumwona bata mzinga aliyelewa. Naomba mtu yeyote aliyewahi kuwa na miaka kumi na minne aniambie angefanya nini. Nikatengeneza faneli kwa karatasi ya daftari. Kijiko cha kwanza alikohoa, akanitazama. Cha pili akafungua mkia wote. Cha tatu akaanza kuzunguka uani kwa hatua za madaha, akilia ile gologolo yake, na mimi nikawa nyuma yake namwigiza, tumbo linaniuma kwa kicheko. Nikampa kingine. Sikumbuki ni vingapi. Ninachokumbuka ni kwamba alisimama katikati ya ua, akainua mguu mmoja kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, akaanguka ubavu, miguu ikanyooka, na utando mweupe ukafunika macho.

Nilimtikisa. Shingo ikafuata mkono wangu kama kamba. Nikaweka sikio kifuani nikasikia moyo unapiga kwa nguvu sana, na nikafurahi, mpaka nilipogundua kuwa ni wangu. Hapo ndipo neno lilipokuja kichwani: kibudu. Mnyama aliyejifia. Hata sisi wa kanisani kibudu hatuli. Mbwa wa mtaani wanasitasita. Bata mmoja wa sikukuu katika mwaka ambao watu walikuwa wanapima sukari kwa kijiko cha chai, mgeni aliyetoka kifungoni, mama kwenye foleni tangu hakujakucha, na mimi nimegeuza yote kibudu kwa faneli ya karatasi. Nikaanza kucheka. Nilicheka peke yangu uani, machozi yananitoka, na huku nikicheka akili ikaniambia kwamba bado ni wa moto, damu bado haijaganda, ikitoka sasa nani atajua?

Nikachukua kisu cha jikoni. Sikuweza kumtazama usoni, kwa hiyo nikamgeuza kifudifudi, nikamkanyaga mbawa kama nilivyomwona Bwana Hasanali akifanya, nikafumba macho, nikakata kutoka kisogoni.

Aliamka.

Sitaki kuandika mengi hapa. Alikuwa hajafa, alikuwa amelewa tu. Angeachwa alale saa mbili angesimama mwenyewe na kichwa kikimuuma. Aliamka chini ya kisu, jicho likafunguka likaniona, na mbawa zikanitupa hadi kwenye ukuta, na kazi ambayo Bwana Hasanali huifanya kwa pumzi moja mimi niliifanya kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Ilipokwisha nilikuwa nimekaa chini, damu mpaka kwenye nyusi, na ua umekuwa kimya sana. Ng'ambo ya ukuta hapakuwa na mtu wa kukohoa.

Nilifanya usafi wa haraka ambao mama hajapata kuuona tena maishani mwake. Nikachemsha maji nikamnyonyoa, nikamwaga mchanga juu ya damu, chupa nikaitupa chooni. Kichwa na kipande cha shingo nikavifukia chini ya mpapai, kwa sababu jeraha la kisogoni lilikuwa linasema kila kitu. Mama aliporudi na kilo yake ya sukari akamkuta bata uchi juu ya meza, nikamwambia kwamba Bwana Hasanali amechelewa, Maalim wa madrasa ya kona alikuwa anapita, nikamwomba, akachinja. Nilisema haya nikitabasamu hadi magego. Mama alinitazama kidogo, akasema walau siku moja umefanya jambo la maana, akaingia ndani kuchukua chumvi.

Jioni hiyo Bwana Hasanali alikuja kuomba radhi. Kituoni walikuwa wamemkalisha kwenye benchi mpaka saa nane, akisubiri mtu mwenye daftari arudi kutoka kula. Alikaa barazani na baba, na mimi nikawa nyuma ya mlango, maana sikuweza kutoka na sikuweza kuondoka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baba, cha Tanga hasa, cha mtu ambaye hata babu yake alizikwa hapa. Hata mimi hakuniita Yona, aliniita Yunusi. Baba akamwambia asijali, Maalim amechinja. Akasema kheri. Kisha akamwambia baba jambo ambalo nadhani hakuwa amemwambia mtu. Alisema kule ndani walikuwa wanapewa nyama mara moja kwa wiki, na yeye hakujua nani ameichinja, na kila alipouliza walimcheka, kwa hiyo kipande chake alimpa kijana mmoja wa Handeni aliyelala pembeni yake. Miezi saba hakuonja nyama. Hata alipotoka hakuonja, maana bucha zenyewe zilikuwa hazina kitu. "Kwa hiyo kesho, Mwalimu, ndiyo ya kwanza," akasema. "Nimeingoja kwa mkono wa watu ninaowaamini." Nilisikia meno yangu yanatoka nje gizani mle nyuma ya mlango, nikayafunika kwa mikono miwili.

Asubuhi ya Krismasi nyumba ilinuka hivi kwamba hata leo nikipita mahali wanapokaanga tangawizi kwa samli nageuza njia. Mama hakuwa na oveni. Alikuwa na sufuria yake kubwa ya shughuli, chini ametandaza vijiti, bata amelazwa kifua chini ili, kama alivyosema, maji yake yote yashukie kifuani pasikauke. Makaa chini, makaa mengine amepalia juu ya mfuniko. Alifunua mara mbili tu, mara ya kwanza kumwagia mchuzi wake mwenyewe, mara ya pili kumgeuza, na alipomgeuza ngozi ilikuwa ya rangi ya asali na ilikuwa inatoa sauti ndogo ya kunong'ona. Nikasimama pale nikamwambia, mama, huyu bata hakuchinjwa na Maalim. Nimemchinja mimi. Mama akanitazama, na bila shaka nilikuwa nacheka. Akasema nenda kachote maji, na uoshe shingo, una uchafu nyuma ya masikio.

Kanisani nilikaa karibu na mlango. Mahubiri yalihusu mchungaji wa kondoo, sikuyasikia. Njia nzima ya kurudi nilitembea ubavuni mwa baba nikitafuta pa kuanzia, na nilipoanza, baba alisimama, akanishika sikio, akaniuliza kama hata siku ya Bwana siwezi kupumzika na upuuzi. Halafu, na hili ndilo lililoniogopesha zaidi, akatabasamu. Mwaka ule baba alikuwa hatabasamu. Akasema, "Lakini umetunga vizuri." Tulipokaribia nyumbani Maalim mwenyewe akatokea kona, anakuja na bakora yake. Baba akavua kofia, akampa mkono, akamshukuru kwa ya jana. Maalim alikuwa anakimbilia mahali. Akasema alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu awalipe, akapita. Nilikuwa nimeacha kupumua tangu kona. Nilipopumua tena nilijua kwamba sasa uongo wangu una shahidi.

Tulikula saa nane mchana, sisi watatu na Bwana Hasanali. Mama alikuwa amemfunika bata kwa jani la mgomba apumue kwanza, maana ukimkata akitoka motoni maji yote yanakimbia. Pembeni, kwenye benchi, kulikuwa na sahani nne tupu na makawa yake, za majirani, zikisubiri mgeni aonje kwanza. Jani likafunuliwa. Baba akaomba, Bwana Hasanali akainamisha kichwa kwa heshima, kisha mama akapitisha kisu kifuani, na maji yakatiririka kwenye sinia, meupe, yana macho ya samli. Hata mimi niliyekuwa na hofu hivyo mate yalinijaa. Mama akamwekea mgeni kipande cha kifua na kipande cha paja, akamsogezea wali wa nazi. Yule mzee alivitazama kwa muda. Akaona ninavyomtazama, akaniuliza, "Yunusi, leo umenyamaza kama mwali. Una nini?"

"Mzee," nikasema, "huyu bata nimemchinja mimi."

Nilikuwa nacheka. Naapa nilijaribu kuvuta midomo ishuke, haikushuka. Bwana Hasanali akanitazama, na uso wake ukafunguka, akacheka pia. Alicheka mpaka akaegemea kiti, akasema basi jogoo wangu wa Idd nitamwita mchungaji wenu amchinje. Baba akacheka. Mama alikuwa ameshika upawa, machozi yanamlengalenga kwa furaha, kwa sababu hatukuwa tumemsikia yule mtu akicheka tangu mwezi wa nne. Na mimi nikiwa katikati ya kicheko hicho nikaelewa kwamba hakuna neno duniani ambalo nikilisema litaaminika. Akamega kipande cha kifua. Akasema bismillahi.

Nilitoka mbio. Nilichimba chini ya mpapai kwa kucha, nikakitoa kile kichwa kama kilivyokuwa, na mchanga wake na siku yake nzima ya joto, nikarudi nacho mkononi, nikakiweka mezani kando ya wali.

Hakuna aliyecheka tena, hata mimi. Kipande cha nyama kilikuwa kimefika kwenye masharubu yake. Akakishusha sahanini taratibu, akainama, akakigeuza kile kichwa kwa ncha ya uma kama anavyogeuza noti anayoitilia shaka.

"Kisu kimeingilia kisogoni," akasema. "Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, mzee. Alikuwa amelewa."

Baba akauliza amelewa nini, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nikamwambia gongo, na nikaona anavyohesabu: mzee wa kanisa, mwalimu, gongo ndani ya nyumba yake, mwaka wa msako, na jirani yake wa pekee ameketi mezani na haramu kwenye masharubu. Akasimama. Akaanza kufungua mkanda. Bwana Hasanali alikuwa amekwenda kunawa. Mama alimmiminia maji na yeye akanawa mkono, akasukutua, akapangusa masharubu, mara tatu, bila haraka, na sisi tulisikiliza maji yakianguka kwenye beseni. Kisha akarudi akaketi palepale.

"Mwalimu, kaa," akasema. "Mtoto hapigwi mbele ya chakula."

Akajivutia sahani safi, akapakua wali wa nazi na kachumbari, akala. Alikula kwa adabu, tonge kwa tonge. Akatuamuru na sisi tule bata, kwetu si haramu, na alipoona hakuna anayenyoosha mkono akasema yeye atanusa, maana harufu hajasikia kama imekatazwa. Tukala kipande kimoja kimoja. Ilikuwa nyama laini kuliko zote nilizowahi kutia mdomoni, ilimwaga maji ukiiuma, na kila tonge nililisukuma kwa maji ya kunywa. Mama alikuwa akilia bila sauti. Mwishoni akauliza lile ambalo sote tulikuwa tunaliogopa: sahani za watu je? Mtaa mzima ulikuwa umenusa tangu asubuhi. Zisipotoka, wataulizana kwa nini. Wakijua kwa nini, hakuna sahani ya nyumba hii itakayopokelewa tena, na neno la baba litakuwa kama sukari ya mwaka ule, la kusikika tu. Mwaka ule watu walikuwa wamekwisha kuacha kuaminiana kwa mengi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Bwana Hasanali akainuka, akashukuru, akachukua kofia yake, akatoka barazani. Tulimsikia kupitia dirishani. Bi Mwanahawa wa nyumba ya pili na wenzake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wao, wakisubiri kwa subira ya watu wasiosubiri kitu. Akawasalimia. Halafu yule mzee mwenye haya, ambaye sikuwahi kumsikia hata akipiga miayo mbele za watu, akateuka kwa nguvu kama mtu aliyeshiba.

"Msingoje sahani, akina mama," akasema. "Nimemmaliza."

Bi Mwanahawa akamuuliza umemmaliza nani.

"Bata. Mama Yona alitenga zenu, nikazila na zenu. Nisameheni. Miezi saba, Bi Mwanahawa."

Wakaangua kicheko, wakamwita mlafi, wakamwambia tumbo litampasuka, mmoja akauliza na manyoya je. Akawajibu kila mmoja. Ndani, baba alikuwa amesimama na mkanda mkononi. Alisikiliza mpaka mlango wa duka ulipofungwa. Akauvaa tena mkanda wake, tundu kwa tundu, akaenda chumbani, na hakunigusa siku ile wala siku nyingine kwa jambo lile. Ningependa angenipiga. Nyama iliyobaki aliibeba mwenyewe kwenye baiskeli kesho yake, akaigawa kwa watu wa kanisani Makorora, mbali na mtaa wetu.

Mtu anaweza kusema hofu yangu iliishia hapo. Haikuisha, ilibadilisha chumba tu. Miaka iliyofuata Bwana Hasanali alikuja kuchinja yeye, mkesha wa Krismasi na mapema, kabla sijaamka, na alimnusa bata mdomo kabla ya kumlaza. Kisha aliniita nishike mbawa, akanionyesha mahali pa kisu na namna ya kumaliza mara moja, asiteseke. Hakunitania hata siku moja kuhusu jambo lile. Maduka yakafunguliwa, samli ikarudi rafuni, duka lake likajaa vitu vya Dubai, na kila mara nilipotumwa chumvi nilimwangalia akipima, nikiogopa kwamba leo ndiyo siku atakayomwambia mtu.

Alhamisi ya wiki niliyorudi kutoka shule tulikwenda kwenye hitima yake, baba na mimi. Tulikaa kwenye mkeka pamoja na wanaume, baba na koti lake la Jumapili, na dua zilipokwisha na kahawa ikapita, watu wakaanza kumkumbuka marehemu kama watu wanavyokumbuka, kwa vichekesho kwanza. Na cha kwanza kilikuwa kile. Ati Hasanali ametoka ndani, akaenda kwa Mwalimu, akala bata mzinga mzima peke yake. Bata mwenyewe alikuwa amekua. Mmoja akanyoosha mikono kuonyesha ukubwa wa mbuni. Nilitazama mkeka. Baba alitazama kikombe. Ndipo pazia la upande wa wanawake likatikisika kidogo, na sauti ya Mama Zehra, aliyeko edani, ikaniita kwa jina ambalo sasa amebaki yeye peke yake wa kuniita.

"Yunusi mwanangu. Mimi sikuwapo, nilikuwa Mombasa. Kila mwaka alinihadithia bata huyo, utamu wake. Lakini nimempikia miaka arubaini, hakuwahi kumaliza paja la kuku. Ni kweli alimla?"

Wanaume wakanigeukia. Nikasikia meno yangu yanatoka, nikayaacha yatoke.

"Kweli, mama," nikasema. "Hakutubakishia hata shingo."

Baba, ambaye katika maisha yangu yote amenichapa kwa kila uongo aliougundua, akaweka kikombe chini, akakohoa.

"Mifupa nayo," akaliambia pazia. "Tulimsikia akiivunja."